Wagonjwa Wananiita Daktari, Lakini Leseni ya Fizio Sina

Salamu kwako Mama,

Huwa nasoma tu majibu unayowapa wengine, leo nimeona niandike. Nina miaka 33, nina mke na watoto wawili, na tunaishi nje kidogo ya mji wa Kisumu. Mimi ni kibarua katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Nilichukuliwa kupiga deki na kusukuma viti vya magurudumu. Baadaye nikapelekwa chumba cha fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa sababu nina nguvu na sichoki kuinua watu.

Huko ndiko nilikojifunza. Nilianza kwa kupasha pakiti za joto na kuyeyusha nta. Mtaalamu wetu, mama mmoja mkarimu sana, akanionyesha namna ya kumshika mgonjwa wa kiharusi anapoinuka kitandani, namna ya kulikunja goti lililokaa ndani ya plasta, na namna ya kumpandisha ngazi mtu wa magongo. Nina mikono myepesi, hata yeye husema hivyo. Lakini yuko peke yake, na amepewa hospitali ya pili. Kwetu huja Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine hunipigia simu: "Endelea tu, wewe unawajua." Nami naendelea na watu wa ajali za boda boda, wazee wa kiharusi, akina mama wa mgongo, hata watoto. Jioni naandika kwenye rejista, na akija anatia sahihi yake kwa wote.

Wananiita daktari. Mwanzo nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi naitika.

Juzi binti wa mzee mmoja, mwalimu kwa kazi, alisimama mlangoni akaniuliza mbele ya foleni: "Daktari, nambari yako ya usajili ni gani?" Kabla sijafungua mdomo wagonjwa wakamvamia kwa maneno: mwache daktari afanye kazi, sisi ametutembeza! Nikasema nitamletea. Atarudi na baba yake wiki ijayo.

Rafiki yangu ameniambia kuna chuo mjini kinachotoa cheti cha fizio kwa miezi 6, ada shilingi 45,000. Mke wangu yuko tayari tuchukue pesa ya chama chetu cha akiba. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilifanya 2010 nikapata C ya wastani, Biolojia B-. Kusema kweli, Mama, sioni kwa nini mtu aliyefanya kazi kwa miaka kadhaa alazimishwe kukaa darasani na watoto. Hakuna mtihani wa wazoefu? Je, nichukue hicho cheti? Na huyo mwalimu nimwambie nini? Jumamosi pia nina majirani watatu ninaowafanyia mazoezi nyumbani, kila mmoja hunipa 500, na pesa hiyo ndiyo inalipa kodi ya nyumba.

Daktari wa Jina, Kisumu

JIBU

Mwanangu,

Nianze na huyo mwalimu, maana yeye ndiye anayerudi mapema. Akifika, usimngoje aulize tena. Mwambie: "Mimi ni msaidizi, si mtaalamu. Mtaalamu huwa hapa Jumanne na Alhamisi. Kama ameandika mazoezi ya mzee kwenye faili, nitamsaidia kuyafanya. Kama hajaandika, tafadhali mlete siku hizo." Basi. Usimweleze habari ya mikono myepesi. Huenda akakasirika, na ana haki. Yeye ni mwalimu, kila mwezi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya umma, na hata hospitali yenyewe inaendeshwa kwa kodi yake na ya wale waliomzomea kwenye foleni. Anayelipa ana haki ya kujua nani anamshika baba yake. Nambari aliyoiomba ni ya kawaida kabisa, na mtaalamu aliyesajiliwa huitaja bila kuona haya.

Sasa sheria. Kenya ina Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014, na sheria hiyo ndiyo iliyounda Baraza la Fiziotherapia. Ili mtu aitwe mwanafiziotherapia, awe wa hospitali ya serikali au wa kliniki ya ghorofani mjini, lazima awe amesoma stashahada au shahada inayotambuliwa na Baraza, awe kwenye rejista ya Baraza, na awe na leseni ya kufanya kazi, ambayo huhuishwa kila mwaka. Kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Sheria haiulizi kama una huruma au kama wagonjwa wanakupenda. Wala haina kifungu cha aliyeambiwa "endelea tu" kwa simu.

Na ile rejista ya jioni inanitisha kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Unamhudumia mgonjwa Jumatatu, mtu ambaye hakuwa chumbani anatia sahihi Jumanne. Kwenye karatasi inaonekana mtaalamu alimwona mgonjwa. Kama hospitali inadai malipo ya huduma hiyo kwa bima ya umma, hilo ni dai la jambo ambalo halikutokea, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoleta SHA mahali pa bima ya zamani, NHIF, inamwadhibu anayetoa taarifa za uongo ili alipwe. Hata kama hakuna senti inayodaiwa, siku mgonjwa akiumia faili litaletwa mezani. Litaonyesha jina la mama huyo mkarimu, na yeye ndiye mwenye leseni ya kunyang'anywa. Wewe utaonekana mtu ambaye hakuwahi kuwapo, hadi mashahidi wa foleni waulizwe nani aliyekuwa akiwatembeza.

Najua unachofikiri: mbona sijawahi kumuumiza mtu? Sikiliza. Kumsimamisha mgonjwa, kukunja goti, kuhesabu mizunguko ya zoezi, mambo hayo hufundishika kwa kutazama, na naamini unayafanya vizuri. Sehemu ngumu ya fizio haionekani kwa macho, kwa hiyo huwezi kuiiga: ni kujua nani asiguswe.

Chukua wale akina mama wa mgongo. Wengi ni mgongo wa jembe na ndoo ya maji, na mazoezi yatawafaa. Lakini kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kula pingili za uti wa mgongo, na mgonjwa akaja kwako bila kikohozi hata kimoja, analalamika mgongo na kutokwa jasho usiku. Ukiusukuma uti huo kwa viganja vyako vyenye nguvu unaweza kumpoozesha. Mwingine atakwambia anahisi ganzi sehemu za kukalia na mkojo hautoki vizuri. Huyo hahitaji zoezi, anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, na kila saa unayompasha joto inaweza kumpotezea uwezo wa kujizuia maisha yake yote.

Kijana wa boda boda aliyevunjika mfupa wa paja amerudi na shavu la mguu limevimba, lina joto, linauma. Atakuomba umkande. Ikiwa ndani mna damu iliyoganda, bonge linaweza kukatika likapanda hadi mapafuni, na mtu akafa kitandani kwako. Mama wa kisukari asiyehisi nyayo zake hatakwambia kuwa pakiti inamuunguza, utaona malengelenge kesho yake. Na huku kwetu ukanda wa ziwa, nani asiye na jamaa mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Mtoto wa selimundu akichechemea, huenda kichwa cha mfupa wa nyonga kinakufa kwa kukosa damu, na kumwekea barafu ili kupunguza maumivu kunaweza kumwamshia maumivu makali ya mwili mzima.

Hata mzee wa huyo mwalimu. Bega la upande uliopooza huwa limelegea, misuli haiushiki mfupa. Anayemwinua kwa kumvuta mkono, kama ndugu wengi wanavyofanya nyumbani, hulitoa bega mahali pake kidogo kidogo. Wewe umefundishwa usivute mkono, vyema. Je, ulifundishwa kutambua kama anameza sawasawa? Kama haoni upande mmoja? Kama ghadhabu zake ni tabia au ni ubongo? Kuna mambo hapo hata mwanafiziotherapia hayafanyi peke yake, humpeleka kwa mtaalamu wa tiba-kazi, anayemrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo na kula kwa mkono wake, au kwa mtaalamu wa usemi na kumeza, ambao kwa bahati mbaya ni wachache mno. Konda anaweza kuijua kila shimo barabara ya Kisumu kwenda Busia, lakini dereva akisinzia haruhusiwi kushika usukani.

Umeuliza kama hakuna mtihani wa wazoefu. Swali lako ni la haki na si geni. Marekani, bima ya serikali ya wazee iitwayo Medicare iliwahi kuwa na mlango wa aina hiyo. Mtu aliyekuwa na leseni au sifa za kazi ya fizio kufikia 31 Desemba 1977, akiwa na miaka 2 ya uzoefu, aliweza kukubaliwa kwa kufaulu mtihani wa umahiri hata kama hakupitia chuo kilichotakiwa. Baada ya tarehe hiyo mlango ukafungwa. Siku hizi bima hiyo humlipa mtaalamu mwenye leseni. Msaidizi aliyesomea kazi hiyo na kusimamiwa naye analipiwa, ila tangu 2022 kwa asilimia 85 tu ya kiwango. Kibarua wa chumbani kama wewe, hata mtaalamu akiwa amesimama kando yake, kazi yake hailipiwi kama tiba. Sikwambii haya ili tuige Marekani. Nakwambia kwa sababu watu hudhani ukali huu ni urasimu wa Kenya. Hata huko, pesa ya umma inapolipia tiba, mtu wa kwanza kuulizwa cheti ni yule anayemshika mgonjwa.

Kwetu, mlango wa wazoefu kuingia kwenye rejista ya fizio haupo. Utasikia habari za utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini, na ni mpango mzuri kwa mwashi na fundi wa magari. Hauiondoi sheria ya 2014.

Kuhusu hicho chuo cha miezi 6, usitoe hata shilingi ya fomu. Kabla ya kulipa popote, uliza Baraza la Fiziotherapia wenyewe kama wanakitambua chuo na kozi hiyo. Usimuulize mwenye chuo wala rafiki yako, na bango la lango lenye nembo tatu lisikushawishi. Stashahada ya fizio katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, huchukua miaka 3. Anayekwambia atakupa kazi hiyo hiyo kwa miezi 6 anakuuzia fremu ya kutundika ukutani, na pesa ya chama ina wenyewe.

Lakini umeandika jambo moja kana kwamba ni la pembeni, na mimi nilipolifikia niliketi wima. C ya wastani, Biolojia B-! Mwanangu, wastani wa C ndio KMTC inaodai kwa stashahada ya fizio, pamoja na alama zinazotakiwa katika Biolojia, lugha na masomo ya sayansi au hisabati. Toa cheti chako kabatini, kilinganishe na tangazo la mwaka huu mstari kwa mstari. Maombi hupitia KUCCPS siku hizi, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huwakopesha wanafunzi wa KMTC. Pesa ya chama ianzie hapo. Kama somo moja limekuangusha, uliza idara ya usajili ya KMTC kabla ya kukata tamaa. Panda matatu uende tawi la Kisumu ukaulize kwa mdomo wako, na uulize pia ni matawi gani yanayofundisha fizio, usije ukajaza fomu ya mahali isipofundishwa.

Na hilo la kukaa na watoto darasani silipokei. Hao unaowaita watoto wakihitimu watakuwa wakubwa wako, na wewe ndiye utakayewapashia nta. Utakuwa na faida ambayo hawana: wakisoma bega la kiharusi kitabuni, wewe tayari umelishika.

Miaka 3 bila kipato ni mzigo, siufichi. Zungumza na mke wako kwa hesabu, si kwa matumaini: kodi, karo, chakula, nani atakuwa na kipato, kama unaweza kurudi kwenye kibarua wakati wa likizo. Ikishindikana mwaka huu, basi mwaka ujao, lakini tarehe iwekwe.

Sasa bosi wako. Usimgeuze adui, naye amebebeshwa hospitali mbili. Mwombe dakika kumi Jumanne asubuhi kabla ya foleni, mwambie hutaona mgonjwa mpya yeyote akiwa hayupo, na mwombe aandike kwenye kila faili unachoruhusiwa kumsaidia mgonjwa kufanya. Kisha rejista iandike ukweli: aliyekuwapo ni nani, alifanya nini. Siku asizokuwapo, wagonjwa wapya wapewe tarehe ya siku zake, na wa dharura wapelekwe kwa daktari wa zamu, au rufaa iandikwe hadi Russia, samahani, JOOTRH, hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu; Russia ni jina lake la zamani, na sisi wa zamani ulimi haujazoea. Akikataa, andika barua fupi kwa msimamizi wa hospitali na ubaki na nakala.

Foleni itarefuka. Wagonjwa watalalamika, na wengine watakulaumu wewe. Acha walalamike, ila wafikishe malalamiko kwa kaunti, maana afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Hapa nina hasira zangu kidogo. Kuna vijana waliohitimu fizio, wana leseni, wako nyumbani wanasubiri tangazo la Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Na kila mwaka, bajeti ikiandaliwa, mtu anafungua rejista ya hospitali yenu anaona wagonjwa wote wamehudumiwa, Jumatatu hadi Ijumaa, sahihi kila mstari. Pengo haliko. Umeliziba wewe kwa posho ya kibarua, na kwa wema wako kijana mwenye leseni amekosa kazi na mgonjwa amekosa mtaalamu. Rejista ikianza kuonyesha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bila mtaalamu, mkuu wa hospitali atakuwa na karatasi ya kupeleka kwa waziri wa afya wa kaunti. Leo hana.

Zimebaki Jumamosi. Hapo ndipo ulipo hatarini zaidi kuliko hospitalini, kwa kuwa nyumbani kwa mtu hakuna faili, hakuna daktari wa zamu, hakuna hata aliyekutuma. Unapokea pesa kwa jina la tiba. Acha wiki hii. Wape majirani hao siku za mtaalamu wenu, na kama kuna anayeshindwa kufika, ndugu zake wafuatane na mtaalamu wafundishwe cha kufanya nyumbani. Shilingi 1,500 kila Jumamosi si kidogo, najua. Kama wanataka mtu mwenye nguvu wa kumwinua mzee, kumwogesha, kumtoa juani na kumrudisha kitandani, kazi hiyo ni halali, unaiweza, na unaweza kuilipisha. Waambie tu kabla hujapokea pesa kwamba unachouza ni hicho, na wakikuita daktari, usiitike.

Mama